Alhamisi Ina Muziki Wake

Mpenzi wa muziki wa dansi aliyekulia Dar es Salaam alizoea kupanga wiki yake kwa majina ya kumbi. Sikinde walikuwa DDC Kariakoo, Msondo Ilala, Maquis White House ya Ubungo, na ratiba za bendi kubwa walizijua mashabiki, madereva wa teksi na wachoma mishikaki. Ukiwakosa leo, kesho kutwa unawapata mtaa wa pili. Sisi wa Bukoba na Muleba hatukujaliwa wingi huo. Bendi ni chache, kumbi ni ndogo, na mwezi una tarehe zake ambazo mfuko haufunguki. Kwa hiyo huku kwetu kuchagua muziki wa kwenda kuusikiliza ni jambo la kufikiriwa, nami nimelifikiria kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu.

Nilifika Muleba mwanzoni mwa miaka ya 2000 kufundisha sekondari. Kutoka hapo hadi Bukoba mjini ni zaidi ya kilomita 60, unapita Muhutwe na Kemondo, ziwa likijitokeza na kujificha mkono wa kulia. Hiace za kurudi huisha mapema, hivyo anayetaka muziki wa usiku mjini hana budi kulala mjini. Usiku mmoja ulikuwa na maana ya nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio, sahani ya ndizi na samaki, kitanda cha gesti, kisha kudamka kabla ya adhana ya alfajiri ili saa moja na nusu niwe mstarini na wanafunzi. Mshahara wa mwalimu haukuruhusu mambo hayo kila nilipotamani. Ilibidi nichague, na katika kuchagua ndipo nilipojifunza kusikiliza.

Ungetegemea mtu wa namna hiyo aende Jumamosi, siku ambayo kesho yake hakuna kazi. Jumamosi ndiyo siku ya mabango na gari la matangazo linalozunguka Rwamishenye, Hamugembe na Bilele tangu asubuhi. Wanakuja wasanii wenye majina, wanapanda jukwaani na maiki moja, muziki unatoka kwenye kompyuta ya fundi mitambo, na spika zinavuma kama mvua ya masika juu ya mabati. Watu wanafurahi, nami sina neno na furaha yao. Lakini aliyenifungua masikio alinielekeza kwingine.

Alikuwa mzee wa Kashai, mstaafu, ambaye ujanani alipiga gitaa la besi Tabora. Tabora ya wakati wake ilikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, na pembeni mwa hizo ziliishi bendi ndogo zisizosikika redioni. Yeye alipigia hizo ndogo. Nilimwita Tata, kama tunavyowaita wazee wetu, naye aliniita Mwalimu hata pale ambapo mwalimu alikuwa yeye. Siku ya kwanza nilipomuuliza Jumamosi twende ukumbi gani, alijibu bila kuinua macho kwenye kikombe chake cha kahawa.

“Jumamosi wanacheza watu, Mwalimu. Alhamisi wanapiga wanamuziki.”

Ilinichukua muda kuelewa maana yake. Wimbo wa dansi wa Kitanzania una sehemu mbili. Mwanzo ni taratibu: mwimbaji anaeleza kisa chake, kiitikio kinamjibu, magitaa yanatembea chini ya maneno. Kisha linakuja chemko. Hapo maneno yanapungua, solo inapanda, rizimu inaishika kwa kurudia mdundo wake bila kuchoka, besi inajaza nafasi zilizoachwa, na tarumbeta na domo la bata, yaani saksafoni, vinaingia kwa pamoja. Jumamosi chemko hukatwa mapema, kwa sababu ukumbi umejaa, watu wanataka wimbo mwingine wanaoujua, na msanii mgeni anasubiri zamu yake. Alhamisi hakuna anayesubiri. Mpiga solo akipata njia mpya katikati ya wimbo anaifuata hadi mwisho, wenzake wanamwangalia na kumfuata, na wewe uliyeketi meza ya tatu unashuhudia kitu ambacho hakikupangwa mazoezini.

Usiku wa Alhamisi tuliokuwa tukiuendea ulikuwa katika ukumbi wa wazi upande wa ziwani. Tata alitaka tufike mapema, kabla hata wauza senene hawajapanga bakuli zao getini, kama ulikuwa msimu. Alisema bendi huisikii inapoanza kupiga, unaisikia inapotuni. Tulikaa tukawaangalia. Mpiga rizimu alikuwa na tabia ya kutuni gitaa lake kwa kulilaza sikio karibu na kichwa cha gitaa, kwa kuwa kelele za kupanga viti zilimzuia kusikia kwenye spika. Mpiga tumba alikuwa na shida nyingine. Bukoba ni mji wa mvua nyingi, na jioni unyevu wa ziwa hulegeza ngozi. Aliazima jiko la mkaa kwa mchoma mishikaki, akaliweka nyuma ya jukwaa, akawa anazungusha tumba juu yake polepole, akiigonga kwa vidole viwili, anasikiliza, anazungusha tena. Alipoona sauti imekaza alirudisha jiko, akalipia mshikaki mmoja kama ahsante. Nilijifunza hapo kwamba onyesho la saa tatu limeanza saa kumi na mbili, na kwamba anayefika saa nne kwa sababu ndipo ukumbi unapochangamka ameukosa muziki wenyewe kwa sehemu kubwa.

Tata alikuwa na vipimo vyake vya kuchagua bendi, na nimevitumia tangu hapo bila kuviona vikipitwa na wakati. Usitazame mwimbaji kwanza, tazama mkono wa mpiga rizimu. Mwimbaji mzuri anaweza kuibeba bendi mbaya kwa nyimbo mbili tatu, lakini rizimu ikiyumba, kila kilicho juu yake kinayumba. Uliza wanamuziki wa bendi nyingine huenda wapi siku ambayo hawana kazi, kwa maana hao hawadanganywi na mabango. Na uliza kama bendi ina nyimbo zake. Bendi nyingi za mikoani huishi kwa kopi, yaani nyimbo za zilipendwa za Mbaraka Mwinshehe, za Marijani Rajab, za Sikinde na Msondo, na hilo si dhambi, kwa kuwa mpiga gitaa hujifunza kazi kwa kurudia kazi za waliomtangulia. Lakini Tata alikuwa na desturi ya kuandika kwenye kikaratasi ombi lake na kulipeleka jukwaani likiwa limekunjwa pamoja na noti. Mtu angedhani anaomba wimbo wa ujana wake. Siku moja nilichungulia. Aliandika: “Tupigieni wa kwenu.”

Wakaupiga. Ulikuwa wimbo wa mvuvi wa Kemondo anayemsubiri ndugu yake, mashairi yake hayajakaa sawa bado, na chemko lake lilijikwaa mara moja wakaanza upya. Ukumbi ulikuwa na watu wachache wa kuhesabika. Lakini wale vijana walipiga kwa namna ambayo hawakuwa wamepiga kopi yoyote jioni ile. Hakuna ukumbi uliojaa ambao ungewaruhusu kuanza upya.

Kipimo cha mwisho sikufundishwa na Tata, nilifundishwa na umeme. Ulikatika katikati ya chemko. Magitaa yakanyamaza, taa zikazimika, jenereta ikagoma. Kwa nukta chache kulikuwa na giza na minong'ono. Kisha tumba ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, drams zikaishika, domo la bata likarudi na sauti yake isiyohitaji waya, na mwimbaji akasogea mbele ya jukwaa akaimba kwa koo lake. Tulivuta viti karibu. Tuliimba kiitikio sisi wateja, wahudumu na mlinzi wa getini, hadi umeme uliporudi, na uliporudi wengine walilalamika. Usiku mwingine, katika ukumbi tofauti ambao sina haja ya kuutaja, umeme ulikatika wakati msanii akiimbia juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Alisimama na maiki iliyokufa mkononi, akatabasamu, akaondoka jukwaani, na shoo ikaishia pale. Tangu siku hizo najiuliza swali moja kabla ya kulipa kiingilio: umeme ukikatika, kutabaki nini?

Swali hilo ndilo lililonirudisha Muleba, mahali nilipodhani hapana muziki wa kuchagua. Muhutwe ndipo inapokata barabara ya kupanda Kamachumu, na nyanda zile za juu zina muziki usiotegemea waya wowote. Mwenzangu wa shuleni alinipeleka kwa mjomba wake kusikiliza nanga. Chombo hiki ni gogo lililochongwa likawa ubao wenye shimo la kina kifupi, na ncha zake mbili zimekatwa meno. Uzi mmoja mrefu, ambao zamani ulitengenezwa kwa mishipa ya ng'ombe, hupitishwa jino hadi jino, kwenda na kurudi, hadi zinapatikana nyuzi saba au nane. Mpigaji hukiweka mapajani au kukiinamisha mbele yake na kukipiga kwa vidole vya mikono yote miwili, huku akiimba habari za wafalme, mashujaa na wanawake waliowashinda mashujaa. Wahaya wamewahi kuwa na wapiga nanga mashuhuri kama Habibu Selemani, na Profesa M. M. Mulokozi aliona fani hii ina uzito wa kutosha kuiandikia tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986.

Kwa mjomba yule hapakuwa na jukwaa. Palikuwa na sebule, mtungi wa lubisi (pombe ya ndizi), majirani waliotoka shambani, na buni za kutafuna zikipitishwa kwa mgeni kwanza. Nanga ina sauti ndogo. Mtu akikohoa unapoteza mstari. Kwa hiyo watu wazima waliokuwa wakipiga soga kwa sauti nusu saa kabla walitulia wote, na kila mstari ulipokwisha walimjibu mpigaji kwa neno moja la kumtia moyo: “Waitu!” Nilitambua kwamba mpigaji alirefusha kisa pale walipomjibu kwa nguvu na kukifupisha pale walipolegea. Wasikilizaji walikuwa sehemu ya utunzi. Ndipo nilipoelewa ni kwa nini bendi ya Alhamisi ilipiga vizuri mbele ya watu wachache: wachache wale walikuwa wakisikiliza, na mpigaji anayesikilizwa hujua aende wapi.

Muziki wa tatu niliuokota Jumapili asubuhi. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walianza kazi Bukoba mwaka 1910, na miongoni mwa waliyoyaacha kwa Walutheri wa Kagera ni matarumbeta. Ukipita maeneo ya Ndolage na Kamachumu siku ya sikukuu unaweza kuyasikia kabla hujaliona kanisa. Vijana kadhaa niliowaona wakipuliza kwenye bendi za usiku walijifunza kupuliza kanisani, kwa nyimbo za sauti nne, chini ya mzee mkali anayehesabu kwa kugonga mguu. Mmoja wao aliniambia kwamba Jumamosi usiku hanywi hata soda baridi, kwa kuwa Jumapili saa tatu asubuhi ana zamu ya kupuliza ibadani na midomo lazima iwe sawa. Kwa kijana yule, ukumbi wa Alhamisi na kanisa la Jumapili vilikuwa shule moja. Mtu anayejenga ukuta kati ya muziki wa kiasili, wa kanisani na wa baa hatajua sauti anayoipenda imetoka wapi.

Kwa nini nalitilia mkazo jambo hili la kuchagua? Kwa sababu namna muziki unavyolipiwa nchini kwetu imebadilika, na wengi wetu hatujazingatia mabadiliko hayo yanatudai nini. Katika miaka ya 1960 hadi 1980 bendi nyingi kubwa zilikuwa chini ya vyombo vya umma. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi, ikawa JUWATA, kisha OTTU, hadi leo tunaiita Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, na Mlimani Park, ndiyo Sikinde, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kuwa mali ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Polisi, magereza na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alipata mshahara, vyombo vilinunuliwa na mwajiri, na Radio Tanzania iliwarekodi na kuwapeleka hewani hadi vijijini kwetu. Ukumbi ukiwa mtupu siku ya mvua, mwanamuziki hakulala njaa.

Mwajiri huyo hayupo tena kwa bendi za mikoani. Yupo mwenye vyombo, ambaye naye anakopa, na yupo mwenye ukumbi, ambaye anapima kila usiku kwa makreti yaliyouzwa. Nilishuhudia hesabu hiyo ikifanyika. Ukumbi mmoja ulikuwa na bendi kila Jumatano, ileile iliyotupigia wimbo wa mvuvi. Watu walipungua kidogo kidogo, kila mmoja akisema atakuja wiki ijayo. Mwenye ukumbi akapunguza siku, kisha akaweka fundi mitambo mwenye flashi iliyojaa nyimbo, kiingilio kikabaki kilekile. Bendi ikasambaratika. Mpiga solo alienda Mwanza, mpiga drams akarudi kwenye bodaboda, na wimbo wa mvuvi wa Kemondo haujawahi kurekodiwa. Hapakuwa na mtu mbaya katika kisa hicho. Palikuwa na watu waliopenda muziki lakini hawakwenda.

Kagera ina historia ndefu ya kuwatoa watu na kuwasikia kutoka mbali. Shaaban Dede, mzaliwa wa mkoa huu, alitamba katika bendi za kwingine na kuziimbia Msondo na Sikinde zote mbili, hadi alipofariki mwaka 2017. Tulimjua kwa sauti ya redio. Saida Karoli aliimba kwa Kihaya, na mwaka 2001 nchi nzima ikaitikia maneno ambayo wengi hawakuyaelewa. Mwaka 2016 Diamond Platnumz akauchukua wimbo wake na kuupeleka kwa kizazi kingine. Najivunia Dede na Saida wote wawili. Lakini kila nikiwakumbuka naona kwamba kipaji cha huku hulazimika kuondoka ili kipate watu wa kukisikiliza. Siamini kwamba ni lazima iwe hivyo daima. Mji wenye watu wa kutosha kujaza uwanja wa Kaitaba siku ya mpira una watu wa kutosha kujaza meza kumi na tano Alhamisi usiku.

Kwa hiyo naandika kumbukumbu hizi kwa ajili ya vijana wanaoniuliza, kama nilivyomuuliza Tata, waende wapi. Mkiwa na fedha ya usiku mmoja, nendeni katikati ya wiki. Fikeni mapema muone vyombo vikitayarishwa. Kaeni karibu na jukwaa. Lipeni kiingilio bila kuomba kupitishwa na mlinzi mnayemfahamu, kwa sababu fedha ya getini ndiyo nauli ya mpiga besi ya kurudi nyumbani. Mkiwa na noti ya ziada watunzeni, na msimtunze mwimbaji peke yake, pitieni nyuma kwa mpiga tumba na rizimu ambao macho ya watu hayawafikii. Ombeni wimbo wao wenyewe, na wakiuharibu ombeni tena wiki inayofuata. Mkiwa Muleba na hamna nauli ya mjini, ulizeni nani kijijini bado ana nanga, nendeni na chumvi au sukari kama wageni wenye adabu, mkae mtulie. Jumapili wasikilizeni wapuliza tarumbeta kwa sikio lilelile mnaloenda nalo ukumbini.

Tata ametangulia mbele ya haki. Mazishini kulikuwa na matarumbeta ya kanisa, na mpuliza domo la bata wa bendi ya Alhamisi alikuja akaomba nafasi ya kupuliza pamoja nao, wakampa. Nilipowauliza vijana wa bendi walimkumbuka kwa nini hasa, hawakutaja ujuzi wake wa besi. Walisema alikuja. Alikuja mvua ikinyesha, alikuja mwezi ulipokuwa mchanga na ulipokuwa mkuukuu, alilipa, alisikiliza hadi mwisho. Muziki wa mkoa wetu utadumu kwa watu wa aina hiyo, na nafasi ya kuwa mmoja wao iko wazi kwa yeyote kila Alhamisi.